Masurufu ya Nyuki

Katika vitabu vya fiqhi ya Kishafi, mlango wa masurufu huanza na mke. Baada yake wanakuja watoto na wazazi, kisha mtumwa, na mwisho kabisa wanyama. Wengi tunaosoma darsani hatufiki huko mwisho. Maalim wetu hapa Tabora humaliza kila kitabu alichokifungua, na ndivyo nilivyokuja kumsikia akisoma kwamba ng'ombe asikamuliwe hadi ndama akakosa, kwamba inapendeza mkamuaji akate kucha asimwumize mnyama, na kwamba mwenye mzinga inampasa awaachie nyuki wake asali ya kiasi cha haja yao, ikiwa hawana kingine cha kuwatosha.

Nilimwomba arudie, akarudia. Maneno hayo yamo katika sherehe za Minhaj, kitabu cha Imam Nawawi wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Al-Khatib al-Shirbini wa Misri ameyaandika katika Mughni al-Muhtaj, karne ya 16. Wanazuoni hao wamefika hata kuitaja kauli kwamba nyuki wenye njaa wachomewe kuku, atundikwe mlangoni mwa mzinga wapate kumla. Nyuki hali kuku, kila mfugaji analijua hilo. Hata hivyo naipenda kauli ile ilivyo, kwa sababu ninamwona nyuma yake mtu anayehangaika: maua hakuna, nyuki wana njaa, na mimi ndiye niliyekichukua chakula chao, sasa niwape nini?

Wala hawakuwa watu wa kushtushwa na mauti ya mdudu. Hapo hapo wanamruhusu mwenye viwavi wa hariri kuwaanika juani wakishamaliza kusokota, ingawa watakufa, kwa kuwa ndiyo njia ya kuipata hariri. Lakini kabla ya hapo ni wajibu wake kuwalisha majani ya mforosadi. Kwa hiyo waliposema nyuki aachiwe asali hawakuwa wakimbembeleza nyuki. Walikuwa wakitaja deni, na wameliweka katika mlango mmoja na lile lililo juu ya mume kwa mkewe.

Mimi ni mfugaji mdogo. Nina mizinga ya masanduku isiyofika ishirini, katika manzuki iliyo kwenye miombo upande wa Sikonge, na nyuma ya nyumba nina chumba cha kukamulia asali. Nimekuwa nikijiuliza kwa muda mrefu asali ile ni yangu kwa haki gani. Sanduku nimelinunua mimi, hilo halina ubishi. Asali iliyomo ndani sikuitengeneza. Nyuki kibarua katika msimu wa kazi huishi kama wiki sita, na asali yote ya maisha yake haijazi robo ya kijiko cha chai. Kila kopo ninalouza lina maisha ya maelfu yao ndani yake, na hakuna hata mmoja niliyepatana naye.

Wengi nikiwauliza hunijibu upesi kwamba Mwenyezi Mungu ametuumbia sisi, na wananitajia Sura An-Nahl, aya ya 68 na ya 69. Ni kweli, na mimi huzisoma kila ninapokwenda manzuki. Lakini tuzisome kwa utaratibu wake. Nyuki anaamrishwa kwanza ajipatie nyumba, milimani, mitini na katika vile wanavyovijenga watu. Pili anaamrishwa ale. Tatu anaamrishwa azifuate njia za Mola wake. Baada ya hayo yote ndipo inapotajwa asali, na ponya iliyomo kwa watu. Mwanadamu ametajwa mahali pawili: mwanzoni ni mjenzi aliyemtengenezea nyuki pa kukaa, na mwishoni ni mgonjwa aliyepata dawa. Sioni pahali alipotajwa kuwa ni mwenye mali. Na nyuki ameamrishwa kula kabla chochote hakijatoka tumboni mwake kumfikia mtu mwingine. Anayeuacha mzinga mtupu, akawafungia nyuki chakula chao kwenye makopo, ameipindua ile aya, ameanza na mwisho wake.

Marehemu baba yangu alikuwa mrina wa Kinyamwezi wa kweli. Msimu ukifika wanaume waliondoka pamoja kwenda kambi za porini, wakakaa huko wiki nyingi, wakarudi na asali kwenye madebe. Mizinga yao ilikuwa ya magome ya muyombo na ya magogo, imetundikwa juu mitini. Baba alipanda usiku na mwenge unaofuka moshi, akaufungua mzinga na kuingiza mkono. Gizani, nyuki wakimwuma shingoni na kwenye kope, sega lililogusika ndilo lililokuja, liwe la asali, la chavua au la majana. Akishuka, alimwekea mlembe kipande chake kwenye jani. Mlembe ni yule ndege anayewaongoza watu kwenye nyuki, na baba hakuwahi kumdhulumu. Ndege aliachiwa fungu lake kwa makusudi. Nyuki aliachiwa kile kilichoponyoka mkononi. Makundi mengine yalistahimili, mengine yalihama usiku ule ule, na mzinga ukabaki unangoja wageni wengine.

Simlaumu. Masega yalikuwa yameshikana na gogo, na asiyeona kilichomo hawezi kuhesabu kilichobaki. Ulaya nako, wafugaji wengi wa vikapu waliwaua nyuki kwa moshi wa salfa kila walipotaka asali yao, na watu wale walikwenda kanisani kila Jumapili. Mwaka 1851 mchungaji mmoja wa Marekani, Lorenzo Langstroth, aligundua kwamba nyuki ukiwaachia upenyo wa milimita 8 hivi hawauzibi kwa nta wala kwa gundi yao, wanaufanya njia ya kupita. Akapanga fremu ndani ya sanduku kwa kipimo hicho, na mwaka uliofuata akapewa hataza. Tangu hapo sega likawa linatoka zima, linatazamwa pande zote mbili, na linaweza kurudishwa lilikotoka. Mwaka 1865 Franz von Hruschka, ofisa wa zamani wa jeshi la Austria aliyekuwa akiishi Italia, akaonyesha chombo cha kuzungusha masega hayo hadi asali itoke bila kulivunja hata moja.

Vitu hivyo viwili, upenyo na mzunguko, ndivyo vilivyoniletea swali ambalo baba hakulazimika kulijibu. Yeye alichukua alichoweza kukifikia. Mimi ninaiinua fremu nikaitazama kwenye mwanga wa tochi, nikaona yote yaliyomo, na baada ya kuona ninaamua. Wajibu wa kuwaachia ulikuwa vitabuni miaka mingi kabla ya Langstroth kuzaliwa, lakini fremu ndiyo iliyoufanya uwe kitu ninachoweza kukitimiza au kukivunja kwa macho yangu yaliyo wazi.

Mwenye kutaka kuelewa ninachosema aje chumbani kwangu usiku wa kukamua. Tunaanza baada ya Isha, madirisha yamefungwa na upenyo wa chini ya mlango umezibwa kwa nguo, kwa sababu nyuki wakinusa asali iliyo wazi hawakawii kuja. Fremu zimeletwa kwenye sanduku lenye kifuniko. Naichukua ya kwanza, naishika kwa masikio yake mawili, naitazama. Nataka kuona vyumba vyake vimefunikwa kwa nta, karibu vyote. Nekta ikiingia mzingani kwa kawaida zaidi ya nusu yake ni maji; nyuki huipepea kwa mbawa usiku na mchana hadi maji yashuke chini ya asilimia 20, na hapo tu ndipo wanapoifunika. Kifuniko kile ni kauli yao kwamba kazi imekwisha. Penye vyumba vilivyo wazi naitikisa fremu mara moja kwa nguvu. Matone yakiruka, asali haijaiva, na fremu hiyo inarudi mzingani. Ikiwa na majana pia inarudi. Nimewahi kuona mashine iliyotiwa masega ya majana mahali pengine, vitoto vyeupe vimetapakaa kwenye asali, na mwenyewe anavichuja kwa kitambaa kana kwamba ni takataka. Kuna ruhusa nyingi duniani, lakini kwa jambo lile sijaiona.

Kisu changu ni kirefu na chembamba, kinakaa kwenye sufuria ya maji ya moto. Nakipangusa kikauke, nakilaza juu ya fremu na kukipandisha taratibu, nikikata kifuniko peke yake, kwa kina kisichozidi unene wa shilingi. Nta inajikunja na kuangukia beseni. Chini yake vyumba vinang'aa. Nikimaliza upande huu nageuza ule wa pili, kisha fremu inaingia mashineni. Mashine yangu ni pipa la chuma cha pua lenye kizimba cha fremu nne na mpini wa kuzungusha kwa mkono. Hapa ndipo kijana asiye na subira anapoharibu kazi. Sega likizungushwa kwa kasi upande mmoja ungali umejaa, uzito wa asali ya ndani unalisukuma lote nje, nyaya zinakatika na sega linapasuka. Kwa hiyo unazungusha polepole upande wa kwanza hadi utoke nusu, unageuza, unautoa upande wa pili wote, halafu unarudi kuumaliza ule wa kwanza. Asali inapoanza kutoka, unaisikia kabla ya kuiona: inapiga ukuta wa pipa kama manyunyu juu ya bati. Harufu ya miombo inajaa chumba. Ndipo inapoteremka, inakusanyika chini, na ukifungua koki inashuka kwenye kitambaa cha kuchujia kama uzi mmoja usiokatika, ya rangi ya chai kavu mwaka huu, kwa maana mti wa mtundu ulichanua sana.

Fremu ikitoka mashineni ni nyepesi mno. Vyumba vyote vipo, havijapoteza umbo, vimelowa tu. Kesho jioni itarudi mzingani. Wataalamu wengi hutaja kwamba kilo moja ya nta huwagharimu nyuki kati ya kilo 6 na 8 za asali, kwa hiyo kuwarudishia sega ni kuwaondolea kazi kubwa kuliko mtu anavyodhani. Baba alipolikata sega alichukua asali, na alichukua pia asali nyingine iliyokuwa imekwisha kugeuzwa ukuta. Kwa upande huu mashine ni rehema, na ninaiona hivyo kila ninapoushika mpini wake.

Ila mashine hiyo hiyo inarahisisha tamaa. Kijana wa kaka yangu ndiye ninayefanya naye kazi. Ni hodari, haogopi nyuki, na anasoma chuoni kwa ada. Msimu huu tulipokuwa manzuki tukimaliza mzinga wa mwisho, aliniuliza, "Shangazi, hizi fremu mbili za pembeni nazo tunaziacha? Zimejaa na zimefunikwa, na bei ya asali imepanda."

Nikamwambia, "Hizo ni zao, mwanangu. Na sanduku la chini lote ni lao."

"Nyuki wa porini wako tele, Shangazi. Wakihama hawa watakuja wengine. Baba yako mwenyewe alikuwa akifanya hivyo."

Hoja yake ni nzito. Ni kweli kwamba nyuki wetu wa Afrika huhama upesi, na mzinga mtupu hapa kwetu haukai mtupu msimu mzima. Ukipiga hesabu ya shilingi peke yake, huenda anayekamua zote asipate hasara. Lakini kumpata mwingine wa kukaa mahali pa yule uliyemnyima hakulipi deni la yule wa kwanza. Mwajiri anayewafukuza vibarua bila ujira kwa sababu asubuhi getini watasimama wengine, hatumwiti mjuzi wa biashara, tunamwita dhalimu. Deni langu ni kwa kundi hili, lililoingia katika sanduku hili na kuikusanya asali hii.

Kisha kuna hoja ya pili, inayosemwa na wafugaji wakubwa zaidi yangu. Wanasema: chukua yote, uwape maji ya sukari. Na sharti la wanazuoni linaelekea kuwaunga mkono, maana asali huwa lazima tu pale nyuki wasipokuwa na kingine cha kuwatosha. Nilimpelekea Maalim suala hili. "Mama," akaniambia, "sheria haikukataza." Baada ya kitambo akaongeza, "Na huyo anayewapa sukari, sokoni anaiuzaje asali yake?" Nilirudi nyumbani nikilitafakari. Mtu yule yule anayesema sukari inawatosha nyuki, akiwa mbele ya mteja huapa kwamba asali si sukari, kwamba ina dawa, kwamba sukari haiwezi kukaa mahali pake, na humkasirikia anayeichanganya. Analilipa deni kwa sarafu ambayo yeye mwenyewe asingeipokea. Katika mwaka wa ukame mkali, kundi linapokaribia kufa, nitawapa sukari, kama mtu anavyompa mgonjwa uji. Kuifanya sukari kuwa mpango wa kila mwaka ili mimi nibebe fremu zote, hapo siridhiki, hata kama mufti ataniruhusu.

Na upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa. Nyuki hana kiasi katika kuweka akiba. Ukimpa sanduku moja atalijaza, ukimwongezea la pili atalijaza vilevile maua yakiwapo. Ziada ipo kweli, na kuichukua si wizi. Anayesema nyuki asiguswe kabisa ameisahau ile ponya iliyotajwa kwenye aya, na amemsahau yule mtu aliyeambiwa na Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, amnyweshe asali nduguye aliyeugua tumbo, akaambiwa hivyo tena na tena hadi nduguye akapona. Kazi ni kuujua mpaka kati ya ziada na chakula. Mpaka huo hauandikwi kitabuni, kwa sababu vitabu viliandikwa Misri na Sham. Miezi ya njaa ya nyuki wa Sham ni ya baridi. Hapa kwetu baridi hiyo hatuijui, na mvua ikinyesha mfululizo nyuki wanakaa ndani wakila akiba. Wanazuoni wakasema tu kiasi cha haja yao, wakamwachia mfugaji ajue. Kwa hiyo mimi naona kujua ni sehemu ya uhalali. Asiyefahamu ni lini miti ya kwao inachanua na ni lini hakuna kitu, asiyepima kwa mkono uzito wa sanduku la chini, hajapata bado haki ya kuliinua la juu.

Kuna jambo dogo linalowasumbua wanafunzi wangu wa kike ninaowafundisha ufugaji: moshi tunaowapulizia nyuki tunapoufungua mzinga. Je, si udanganyifu? Nyuki akitishwa hutoa harufu ya tahadhari, inafanana na ndizi mbivu, na wenzake wakiisikia wanakuja kuuma. Moshi wa bomba unaifunika harufu hiyo, na unawafanya wakimbilie kujaza matumbo asali kana kwamba moto wa pori unakuja. Moto haupo. Jibu langu nimelipata kwenye adabu za kuchinja. Tumefundishwa tunoe kisu, na tusikinoe mbele ya mnyama. Kumficha kisu ni ihsani, hakuna aliyeita uongo. Nyuki akiuma anakufa. Na katika hadithi iliyopokewa na Ibn Abbas, nyuki yumo kati ya viumbe wanne waliokatazwa kuuawa. Pumzi chache za moshi baridi wa magunzi ya mahindi zinaokoa mamia yao. Ukizidisha, unawaumiza, na asali inanuka moshi hadi mezani.

Zaka nitaigusa kwa ufupi. Mahanafi na Mahanbali wanaona asali ina ushuru wa sehemu ya kumi. Sisi Mashafi hatuna zaka juu ya asali yenyewe. Kinachonivuta katika mjadala ule ni kisa wanachojengea hoja, kilichomo katika Sunan ya Abu Daud. Mtu mmoja wa Banu Mut'an, jina lake Hilal, alimletea Mtume ushuru wa nyuki wake, akamwomba amlindie bonde moja liitwalo Salaba, naye akamlindia. Ulipofika ukhalifa wa Umar, liwali wake, Sufyan bin Wahb, akamwandikia kumwuliza juu ya bonde lile. Umar akajibu kwamba akiendelea kutoa alichokuwa akimtolea Mtume, alindiwe bonde lake. Asipotoa, basi wale ni nzi wa mvua tu, na atakaye na ale.

Nzi wa mvua. Ndivyo Umar alivyowaona nyuki: viumbe waliokuja na mvua na maua yake, ambao hawana mwenyewe. Hilal hakuwa na haki juu ya asali kwa sababu tu nyuki walikuwa bondeni kwake. Haki yake ilikuja na ulinzi, na ulinzi ulikuja na alichokitoa. Nikijipima kwa kisa hicho, haki yangu imesimama juu ya kazi ninazozifanya mwaka mzima wakati hakuna asali: kufyeka majani chini ya mizinga ili moto wa kiangazi usipite, kupaka grisi kwenye nguzo siafu wasipande, kutundika kwa waya nyegere asifike, kujaza maji kwenye karai lenye mawe wasizame. Siku nitakapoacha hayo, wale wanarudi kuwa nzi wa mvua, na sina la kumwambia mpita njia atakayekuja na ndoo yake.

Na hapo ndipo nilipofika mahali ambapo fremu mbili za pembeni hazitoshi tena. Asali inatokana na mtundu na muyombo, na miti hiyo inakatwa. Hapa Tabora tumbaku hukaushwa kwa kuni. Kila bani la kukaushia linahitaji magogo mengi kila msimu, na msitu unasogea mbali na vijiji mwaka hadi mwaka. Mizinga ya magome ya kina baba nayo iliua miti, maana muyombo ukibanduliwa gome kuzunguka shina haupati kupona. Kwa hilo mizinga ya masanduku imetusaidia. Bani moja hata hivyo linakula miti ambayo wazee wa mizinga ya magome wasingeimaliza. Ikiwa ninawiwa na nyuki chakula chao, basi chakula chao hakianzii kwenye sega. Kinaanzia mtini. Kumwachia nyuki fremu mbili halafu nikanyamaza shoka linapoingia manzuki, nitakuwa nimelipa kidogo na kukana kikubwa.

Ugumu ni kwamba shoka hilo halikushikwa na mgeni. Kaka yangu analima tumbaku. Ada ya yule kijana, anayeniuliza kuhusu fremu za pembeni, imetoka kwenye tumbaku, na aliniambia hivyo bila ufidhuli, akiwa amebeba sanduku la asali begani: "Shangazi, nyuki wako na mimi tunakula mti mmoja." Amesema kweli, na mwanadamu naye ana masurufu yake katika mlango ule ule wa kitabu, tena ametangulia.

Kwa hiyo sikwenda kwa kaka na fatwa. Nilikwenda na daftari. Kuna kipande chake cha msitu kando ya kijito, mitundu na miyombo mikubwa, alichokuwa amekipangia kuni za msimu ujao. Nilimwomba kipande hicho kibaki, apande miti ya kuni inayokua haraka kwenye lile shamba lililochoka, na nyuki waingie kijitoni kwa ubia wetu sisi wawili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada, niandikie. Heka ile ikibaki msitu inanipa nini, na lini."

Nimemwandikia: mizinga mingapi, kilo ngapi nikitumainia mwaka wa kawaida na kilo ngapi mwaka mbaya, bei ya asali na bei ya nta, gharama ya masanduku na mavazi. Kaka ni mtu wa hesabu, alipitisha kidole kila mstari. Hajasema ndiyo. Kilichomkwamisha ni zile fremu zisizokwenda mashineni, ambazo nimeziandika chini ya gharama, pamoja na ujira wa vibarua. Yeye anasema ni mapato ambayo nimeamua kutoyachukua, na lazima yaonekane kwenye safu ya mapato ili ajue anapoteza kiasi gani. Mimi nasema hayajawahi kuwa mapato yetu. Tumekaa barazani kwake tukibishana juu ya mstari huo mmoja hadi adhana ya Isha, na Ijumaa baada ya sala tutaendelea.